Shangazi, jogoo kamrukia mwanangu usoni. Nifuge kuku gani na watoto wadogo?

Shangazi shikamoo. Mi ni mama wa watoto watatu, nakaa Chanika, nakuandikia sa hizi usiku maana mchana kwangu hakuandikiki. Ntajitahidi kufupisha ila najijua.

Tumehamia kwetu mwaka jana, kiwanja ni mita 20 kwa 20, nyumba imekula karibu chote, nyuma kumebaki kaeneo kama mita 6 kwa 8 hivi, kuna mwembe mmoja na kamba za kuanikia nguo. Tangu tunajenga mi nilikuwa nasema nataka kuku wachache, sio biashara, nataka tu asubuhi mtoto aende bandani aokote yai mwenyewe aniletee nimkaangie, basi. Mi nimekulia Singida, kwetu kuku walikuwa wanalala jikoni na hakuna aliyewahi kuumia.

Mwezi wa tano shemeji yangu katoka Shinyanga kaja na zawadi, jogoo la kuchi. Shangazi lile jogoo likisimama linamfika mwanangu wa mwisho kidevuni, shingo ndefu, miguu utadhani mbuni, mume wangu alivyoliona akasahau hata kumuuliza mdogo wake za safari. Wiki ya kwanza likatulia. Wiki ya pili likaanza kumfukuza dada wa kazi akienda kuanika nguo, tukawa tunacheka. Sasa Jumapili iliyopita mwanangu wa kati, ana miaka 6, katoka nje na sahani ya wali anakula huku anatembea, jogoo likaja kwa ubavu ubavu hivi likamrukia, limemchana chini ya jicho, kidogo tu lingelipata jicho lenyewe. Damu, sahani kule, mtoto analia na mi nalia, mama mkwe kashika mwiko anapiga jogoo na jogoo linapigana na mwiko. Mpaka leo mtoto akisikia kuku wa jirani anawika anaingia ndani.

Mume wangu anasema lile ni mbegu haliuzwi, kosa ni la mtoto kutoka na chakula. Af yeye ana wazo lake anataka tuingize Sasso 100 hapo hapo nyuma tuuze nyama. Mama mkwe anasema kuku ni wa kienyeji, hao wengine ni sponji. Nimeuliza kwenye grupu la wasap la mtaa nikaambiwa kuroila, mwingine malawi, mwingine leya wale wa mayai, mwingine kanitumia namba ya muuza sungura. Na jirani yetu mzee mstaafu kashakuja mara mbili kulalamika jogoo linawika saa tisa usiku.

Nisaidie Shangazi, kuku gani ni wapole nikae nao na watoto (wa kwanza ana miaka 9, wa mwisho miwili na nusu), niweke wangapi, na hili jogoo nifanyeje ndoa yangu ibaki salama.

Mama Watatu, Chanika

*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa mtoto. Kuku wasubiri kwanza: hicho kidonda kimeonwa na mtu wa afya? Miguu ya jogoo imekanyaga mavi tangu kuzaliwa, na ile miiba yake inachoma ndani kuliko inavyoonekana kwa nje. Kama hukumpeleka mpeleke kesho na kadi yake ya kliniki wakaangalie chanjo ya pepopunda ilikuwa lini. Halafu tuendelee.

Jogoo sasa. Mwambie baba watoto kwamba Shangazi kasema kosa sio la mtoto. Kuchi ni kuku wa asili ya ugomvi, ndo maana vijana wanaowapiganisha wanawatafuta wao, yule alichofanya ni kazi aliyozaliwa nayo. Na alishawapa taarifa nyie mkacheka. Ule mwendo wa ubavu ubavu uliousema, angalia vizuri siku nyingine utaona kashusha bawa moja mpaka linagusa chini, anapiga hatua fupi fupi anakuzunguka kama anacheza ngoma, hapo anakupima. Akianza kumfukuza dada ana maana kwamba uwanja ule umeshakuwa wake, na akishamshinda mtu mmoja hawezi kukubali kushindwa na mwingine mfupi zaidi. Kuna watu watakwambia mbebe kwapani kila siku atanyenyekea, mi nimejaribu hayo kwa jogoo langu la Kigamboni miezi miwili, lilininyenyekea mimi, mjukuu wangu likaendelea kumpiga kama kawaida. Kwenye nyumba ya mtoto wa miaka miwili na nusu, ambaye uso wake uko usawa wa mdomo wa kuku, jogoo la hivyo halikai hata wiki moja zaidi.

Kwa kulinda ndoa mrudishie shemeji, mwambie akae nalo kwa heshima zote huko kwenye uwanja mpana, mbegu ni yenu mkihitaji mtajua pa kuikuta. Shemeji akiwa mbali, supu. Ila usimuuzie mtu wa kupiganisha, hiyo dhambi usiibebe kwa ajili ya jogoo.

Sasa nikwambie jambo ambalo limewashinda watu wazima wengi sana, hata waliosoma: mtetea anataga bila jogoo. Jogoo anahitajika ukitaka vifaranga tu. Yai la kula halimhitaji, tena yai lisilo na mbegu kwa joto hili la Dar linakaa vizuri zaidi maana halina kitu cha kuanza kukua ndani. Kwa hiyo wewe hapo nyuma unaweka majike matupu, mzee mstaafu analala, mtoto hapigwi, na yai liko palepale. Nikikaa nikafikiria nusu ya matatizo ya kuku mjini ni jogoo ambaye hakuna aliyekuwa anamhitaji.

Tuje kwenye aina. Kwenye grupu walikujibu kwa kuhesabu mayai na kilo, hakuna hata mmoja aliyekuuliza nani yuko nyumbani mchana. Mi naanza na huyo wa miaka miwili na nusu, kwamba kuku gani akishikwa vibaya na huyo hatarudisha.

Kwangu mimi jibu ni malawi, yule mweusi. Jina tu hilo, kwao ni Australia, wanaitwa Black Australorp, huku kwetu tumewaita malawi kwa sababu ndo aina iliyosambazwa sana vijijini huko Malawi. Zamani hawa walikuwa nyota wa mayai, mwaka 1922 kuingia 1923 mitetea sita iliwekwa kwenye mashindano ya kutaga ikatoa mayai 1,857 kwa siku 365, kila mmoja wastani wa 309 na nusu. Usitegemee hayo kwako, wale walikuwa mabingwa wanatunzwa kama mabingwa. Wewe ukiwa na sita, siku ya kawaida utaokota matatu au manne, na siku wakibadilisha manyoya utaokota hakuna. Ninachompendea malawi ni tabia. Mzito, hana haraka, haruki juu, ukuta wa wavu mfupi tu unamtosha, ukichuchumaa anakuja kukuangalia mkononi umeshika nini. Nilikuwa na mmoja alikuwa anajipenyeza mapajani kwa mjukuu wangu anasinzia, na mtoto anamhesabu manyoya mpaka anasahau ameishia ngapi.

Ubaya wake ni kwamba wengi wanaouzwa kwa jina la malawi ni machotara. Mtoe juani umwangalie, mweusi halisi mgongoni ana mng'ao wa kijani kama mafuta yamemwagika kwenye maji, kilemba kimoja kilichosimama, miguu ya rangi ya makaa ila ukimgeuza unyayo chini ni mweupe. Akiwa na manyoya ya dhahabu shingoni kachanganyika, sio mwisho wa dunia ila usilipe bei ya halisi. Na weusi huo unavuta jua, kwa hiyo ule mwembe wako usije ukaukata, ndo kivuli chao.

Leya wa kahawia nao sio wabaya kwa watoto, usiwadharau. Ni watulivu, akishaanza kutaga ukimsogelea anachuchumaa mwenyewe unambeba kama furushi, na mayai kwa mwaka anakaribia 300, hapo hakuna anayemfikia. Shida yake ameumbwa kwa ajili ya chakula cha dukani, ukimlisha makombo na pumba peke yake anakonda na ganda la yai linakuwa kama karatasi. Na kuwa makini sana na wanaozungusha mitaani leya waliochoka, wamemaliza mwaka na nusu kwenye shamba la mtu, wanauzwa kama tembe, yani mitetea michanga ambayo haijaanza kutaga. Angalia mdomo, mara nyingi umekatwa ncha, na manyoya ya shingo na mkia yamesagika. Mi ningekwambia weka malawi wanne na leya wawili, wasichana wa mjini na wa shamba wakae pamoja, ila wote wawe na umri unaokaribiana maana mkubwa anamtesa mdogo.

Kuroila asili yake India, Sasso Ufaransa, wote ni wapole kwa kweli, ila ni kuku wa mwili, wanakula utadhani wamelipwa. Kuroila anajitafutia vizuri akiwa na eneo, wewe eneo huna. Na Sasso 100 za baba watoto kwenye mita 6 kwa 8, humo humo mwembe na nguo za shule, mwambie kwanza akakae dakika kumi kwenye banda la mtu mwenye Sasso 100 siku ya mvua, avute pumzi, halafu arudi mzungumze. Akiwa bado anataka akodi eneo, biashara sio mbaya, ila sio dirishani kwa mama yake.

Mama mkwe usibishane naye, nyama na supu ya kienyeji hakuna mfano na we mwenyewe wa Singida unajua. Lakini mweleze taratibu kwamba kienyeji wa asili anataga kama mayai 40 mpaka 60 kwa mwaka kwa sababu kila akitaga dazeni na kidogo anataka kuatamia, na siku 21 zikiisha anatoka na vifaranga, hapo ndo balaa. Wahenga walisema kuku mwenye watoto halengwi jiwe, sasa mwanao wa miaka miwili na nusu hiyo methali hajaisikia, yeye akiona kifaranga anaona kitu cha kushika. Na huko kwenu Singida mlipolala nao jikoni hawakuwaumiza kwa kuwa uwanja ulikuwa mkubwa, kuku akikuchoka anaondoka zake porini. Kwenye kona ya mita 6 hana pa kuondokea. Subirini huyo mdogo afike miaka mitano, bibi aletewe tembe wake mmoja wa kienyeji, hapo ntakuwa wa kwanza kumuunga mkono.

Sita wanatosha. Usinichekee, sita ni wengi. Mtetea mmoja anakula kama gramu 120 kwa siku, sita wanamaliza gramu 720, yani mfuko wa kilo 50 unaenda miezi miwili na siku kadhaa, hiyo bajeti ya mama inaonekana. Makombo, mchicha ulionyauka, matembele, hayo ni nyongeza, waning'inizie fungu kwenye kamba wawe wanarukia, watapunguza kudonoana. Banda la kulala mita 2 kwa 1 linawatosha, na nje yake uzungushie wavu sehemu kama mita 2 kwa 4 hivi, sio uwanja wote, watoto wawe na upande wao na kuku upande wao, na kamba za nguo zibaki upande wa watoto utanishukuru. Juu nako weka wavu, Chanika mna mwewe na vicheche. Ndani weka mti wa kulalia usiwe juu sana maana malawi mzito akiruka kutoka juu anaumia miguu, na pa kutagia chukua madumu mawili ya mafuta ya lita 20, kata ubavu mmoja, tia maranda, laza kwenye kona yenye giza. Hapo ndo mtoto atakuwa anaingiza mkono asubuhi. Maranda ya chini yawe makavu muda wote, yakilowa toa, kuhara damu kunaanzia hapo.

Usinunue vifaranga vya siku moja, najua vinavyovutia, na watoto watalia wakiviona. Mtoto mdogo anavibana vinakufa mkononi, halafu kuna taa, joto, chanjo, wewe una mtoto wa miaka miwili na nusu tayari unamlea. Nunua tembe wa miezi miwili na nusu au mitatu kwa mfugaji anayeweza kukuonyesha wamechanjwa nini na lini, na kwa umri huo mapora, yani majogoo machanga, wameshajionyesha, vilemba vyekundu, hutabambikiwa jogoo jingine. Pale kwenye soko la kuku Shekilango nunua wa kuchinja, sio wa kufuga, kuku wa mikoa minne wamekaa tenga moja huwezi kujua nani kaja na ugonjwa wa kideri.

Na kideri ndo kitakachokuliza kama utalia. Unaamka asubuhi sita wako chini shingo zimepinda. Chanjo yake ile ya tone la jichoni inarudiwa kila miezi mitatu, ni rahisi, tatizo chupa moja ina dozi za kuku mia na zaidi wewe una sita, kwa hiyo ongea na majirani wanaofuga mchange, siku moja mnachanja mtaa mzima. Kesi ya jirani kama mzee mstaafu hapo inaweza kugeuka urafiki, wastaafu wengi wanapenda kuku, wanachochukia ni jogoo. Ndui nayo inaletwa na mbu, uliza kama walichomwa bawani, kama hawakuchomwa wachomwe.

Ukiwanunua, usipeleke watoto wote watatu kwa mfugaji. Mpeleke huyu aliyeumia, peke yake, kama atakubali. Kila tembe mshike kwanza mwenyewe, papasa kifua, mfupa ukiwa umechongoka kama kisu huyo ana njaa au anaumwa, angalia macho yasiwe na machozi, mgeuze nyuma manyoya yawe makavu hayajaganda mavi. Halafu kaa naye dakika mbili mkononi. Anayepiga kelele mpaka mwisho mrudishe, anayelalama kidogo af anatulia anaanza kuangaza angaza huyo mchukue.

Nyumbani wafungie bandani wiki nzima bila kutoka, ndo ile kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wakijua pa kulala wenyewe jioni watarudi. Mtoto usimlazimishe. Mkalishe nje ya wavu kwenye ndoo iliyogeuzwa, mpe punje za mahindi awe anatupia ndani, siku tatu nne hivyo tu. Akishazoea, mwambie aweke kiganja bapa na punje juu, vidole vimenyooka, maana kuku anadonoa kinachochungulia. Siku akiomba mwenyewe kumshika, akae chini kabisa sakafuni, we mletee kuku mabawa yakiwa yamebanwa, mwekee mapajani, na umfunike kuku macho kwa mkono wako, atatulia kama kafa. Mtoto anayekaa chini hadondoshi kuku na hakimbii, na asiyekimbia hafukuzwi. Sahani za chakula nje mwiko kabisa, hata mi baba watoto nakubaliana naye hapo.

Wakitoka bandani wote mikono sabuni, pamoja na wewe. Kuku mzima asiye na dalili yoyote anaweza kubeba vijidudu vya kuharisha, na mtoto wa miaka miwili na nusu vidole vyake viko mdomoni muda wote. Wasibusu kuku, nawajua watabusu. Weka ndala za bandani mlangoni, haziingii ndani.

Jambo la mwisho hukuuliza ila litakuja. Watawapa majina. Ukishasikia kuku anaitwa Zuhura, huyo ameshatoka kwenye orodha ya mboga, na ukimchinja siku ya sikukuu bila kusema utakula peke yako. Mimi mwanangu alikuwa na mtetea wake akaishi miaka sita, miwili ya mwisho hakutaga hata yai moja, kazi yake ilikuwa kulala kwenye ndoo ya mkaa na kunitia hasara. Nilimzika chini ya mpapai. Kwa hiyo kubalianeni mapema kabisa, hawa sita ni wa mayai, wakizeeka wataamua wakubwa, na kuku wa Krismasi au Idi ananunuliwa kwingine akiwa hana jina.

Niandikie ukishawapata, na picha utume, yoyote ile ila sio ya jogoo.

Shangazi